Nchi ya Karatasi Zisizo na Matundu

Nisikilizeni vizuri, na asiyetaka kusikiliza aende akakae uani na kuku, maana hadithi hii ni ya masikio na mimi si mtu wa kurudia maneno.

Palikuwa na mwanamke wa Kitaita, jina lake Mkawasi, aliyefanya kazi ambayo majirani zake hawakuielewa hata siku moja. Alikaa ofisini Mombasa, visikizio masikioni, akawasikiliza madaktari wa nchi za mbali wakieleza hali za wagonjwa wao, na kila walichosema akakiandika. Daktari akitafuna, akinung'unika, akisema huku anatembea, Mkawasi aliandika tu. Kazi ile ilimla mgongo ikamla na macho, lakini alikuwa hodari, na mtu hodari hujipenda kidogo hata kama hasemi. Kisha ikaja mitambo inayojiandikia yenyewe. Viti vya ofisini vikaanza kubaki vitupu, na mwisho mkubwa wake akamwita akamwambia, kwa tabasamu la mtu anayekuvutia mkeka huku anakuuliza kama umelala salama, kwamba apumzike nyumbani, ataitwa. Akasubiri kuitwa. Weee! Kule kusubiri kulimtia hofu ambayo hakuwahi kuijua tangu utoto. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ujuzi wake wote uko masikioni. Nani amchukue?

Basi aliposikia kwamba iko nchi iitwayo Usikivu, ambako wenye masikio mazuri bado wanaheshimiwa, alifunga virago. Alifikaje? Hilo msiniulize. Alifika.

Nchi ya Usikivu ina sheria zake, nami nitazieleza bila kutia chumvi, kwa kuwa zenyewe zina chumvi ya kutosha. Kule tabibu hasemi na mgonjwa. Humtazama, humbonyeza, kisha hugeukia ukutani akayasema yote ndani ya kibuyu, ugonjwa na dawa na kipimo cha dawa, akakiziba upesi kabla maneno hayajatoka. Kibuyu huteremshwa ngazi mpaka Nyumba ya Masikio, ambako wasikizi hukizibua, wakakitega sikioni na kuyaandika yaliyomo. Mpaka karatasi itoke, mgonjwa si mgonjwa. Mtu mwenye homa ya kutikisa kitanda, kama karatasi yake haijatoka, huombwa kwa adabu auvumilie uzima wake kwanza.

Aliyempokea Mkawasi ni msikizi mmoja wa makamo ya juu, Bi Sikitu, mjane mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia.

"Shikamoo dada," alisema Mkawasi.

"Marahaba, mdogo wangu. Una masikio mazuri, nayaona hata kwa kuyatazama. Karibu. Nyumba yangu ni ya serikali, lakini chai ni yangu."

Mkawasi akacheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu aambiwe apumzike. Walielewana papo hapo, kama wanavyoelewana watu wawili waliowahi kuumwa mgongo mmoja.

Ni Sikitu aliyemwonyesha mwiba. Kila msikizi wa Usikivu huvaa mwiba mrefu shingoni, umefungwa uzi mweusi, na kazi yake ni moja. Msikizi akifika mahali asiposikia, labda kibuyu kimegongwa njiani au tabibu amepiga mwayo, haandiki kitu. Hutoboa karatasi. Karatasi yenye tundu haiwezi kutoka nje mpaka tabibu mwenyewe ashuke ngazi, aliweke jicho lake kwenye tundu, na kulijaza kwa kinywa chake.

"Matabibu wanazichukia ngazi hizo," alisema Sikitu. "Wanatuita mchwa. Mchwa wa serikali! Lakini nikuambie kitu, Mkawasi. Nimetoboa karatasi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sioni haya. Nisichokisikia sikukisikia."

Mkawasi aliipenda sana desturi ile. Nako kwao, walipokuwa hawasikii, waliacha pengo. Alidhani amefika nyumbani.

Lo! Ndipo alipowaona kasuku.

Walikuwa wa shaba, mmoja kwa kila msikizi, wamekaa juu ya meza wameinamisha vichwa. Kibuyu kikizibuliwa, kasuku naye husikiliza. Kisha huchovya mdomo katika wino akaandika, mwandiko mzuri usio na doa. Akikosea, msikizi humgonga kichwani kwa kidole na kumwambia neno lililo sahihi, naye harudii kosa hilo tena. Jioni hufungiwa wote katika chumba kimoja, wakikwaruzana midomo, na asubuhi kile alichofundishwa mmoja wanakijua wote.

Na hapa, jamani, ndipo wasikizi wa Usikivu walipokosea kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulikosea. Wangewatupa wale ndege kisimani tangu siku ya kwanza. Badala yake walishindana nani ana kasuku bora! Waliwapaka mafuta, wakawapa majina, wakatambiana mlangoni. "Wangu jana hakukosea hata mara moja." "Aa, wako anajua homa tu, wangu anajua na mifupa." Watu waliozoea maisha yao yote kufanya kazi vizuri hawajui namna ya kuifanya vibaya, hata pale ambapo kuifanya vibaya kungewaokoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hawa walikuwa wakichimba kwa fahari.

Kasuku hodari kuliko wote alikuwa wa Bi Sikitu. Alimwita Mwanangu.

"Dada," Mkawasi alimwuliza siku moja, "akishajua yote, wewe utafanya nini?"

Sikitu alikuwa akimfuta ndege wake kwa kanga. Hakuacha kufuta. "Nitamsahihisha."

"Na asipokosea?"

"Mdogo wangu, kunywa chai."

Akarudia kulifuta bawa lililokwisha kung'aa.

Sasa niwaeleze jambo ambalo Mkawasi alilijua akiwa sokoni, alipokwenda kununua bamia. Palikuwa na mzee mmoja, mavazi yake safi, ndevu zake zimechanwa, anasimama mbele ya kila meza akiuliza bei. Hakuna aliyemjibu. Hakutukanwa wala hakusukumwa. Muuza bamia alitazama juu ya bega lake kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Mzee akasema kwa sauti zaidi, "Binti yangu, mimi ni Makame, unanijua!" na muuza bamia akamgeukia Mkawasi akamwuliza, "Wewe mama, nikupimie?"

"Mbona humjibu mzee wa watu?" Mkawasi alisema.

Muuza bamia alibadilika rangi. Akafunga bamia haraka, akampa, akamwomba aondoke.

Nyumbani Sikitu alimweleza, akiwa amefunga dirisha. Katika Usikivu, mtu husikilizwa kwa sababu ana kazi. Akikosa kazi hafukuzwi nchini wala hafungwi, hapana, hao ni watu wastaarabu. Hupumzishwa sauti. Tangu siku hiyo ni haramu kwa mtu yeyote kumjibu, na anayemjibu hupumzishwa naye. Watoto wa aliyepumzishwa humpitia barazani. Wala hawezi kuihama nchi, kwa kuwa mlango wa mpaka hufunguliwa kwa anayejibu swali la bawabu, na yeye hajibu, maana hasikiki. Mzee Makame alikuwa msikizi. Kiti chake kilikuwa kando ya kiti cha Sikitu.

"Na mgeni?" aliuliza Mkawasi.

"Mgeni husikilizwa mpaka mwezi uandame. Ukiandama hana kazi..." Sikitu akalikaza komeo la dirisha.

Mkawasi hakulala vizuri tena. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya mafumbo. Alijiona amesimama sokoni akiuliza bei ya bamia mpaka anakufa. Alitaka kurudi Mombasa, lakini alipofikiria kurudi aliyaona macho ya jirani zake, na simu isiyolia, na akajiuliza tofauti iko wapi.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Baraza la Usikivu lilikaa kujadili suala la wasikizi, na wageni waliruhusiwa kutazama. Aliyesema kwa niaba ya serikali ni Bwana Fumo, Mkuu wa Ustawi wa Kasuku, kijana mnadhifu mwenye adabu sana. Alianza kwa kuwaamkia wasikizi wote waliokuwa ukumbini, akawashukuru kwa utumishi wao, na kusema kwamba taifa halitawasahau. Wasikizi wakatazamana. Ukisikia unashukuriwa namna hiyo, jua umekwisha.

"Waheshimiwa," alisema, "tulipokuwa na wasikizi peke yao, karatasi zilikuwa na matundu mengi. Tangu waje kasuku, matundu yanapungua kila mwezi. Kwa hiyo usikivu wa nchi unaongezeka."

Mzee mmoja wa Baraza aliinuka. "Kasuku huwa wanasikia kila kitu?"

"Mheshimiwa, karatasi zao hazina matundu."

"Nauliza kama wanasikia."

"Nami najibu, mheshimiwa, kwamba hazina matundu."

Baraza likapiga makofi. Mjumbe mwingine akasema amepata habari kwamba wanaokufa nao wameongezeka. Bwana Fumo alikubali kwa masikitiko. Lakini, alisema, zamani watu walikuwa wakifa karatasi zao zikiwa na matundu, wakafa bila utaratibu. Sasa kila anayekufa anakufa na karatasi kamili. Makofi yakazidi. Mwingine akapendekeza neno "kupumzishwa" libadilishwe liwe "kuheshimiwa kwa ukimya," kwa kuwa wengine wanaliona la kwanza kuwa kali. Hoja hiyo ilichukua muda kuliko zote, ikapita.

Ikaamuliwa hivi: kila msikizi atashindanishwa na kasuku wake mwenyewe, kibuyu kimoja kwa wote wawili. Atakayetoboa ndiye aliyeshindwa. Na kwa kuwa haki hutendeka kwa mpangilio, wataanza na yule ambaye kasuku wake ni hodari zaidi.

Watu wote wakamgeukia Bi Sikitu.

Walipofika nyumbani hakunywa chai. Alikaa kitandani na mwiba mkononi. "Naogopa, Mkawasi," alisema. "Sioni haya kusema. Sauti hii ndiyo iliyowalaza watoto wangu. Wakiipitia mlangoni kama upepo nitafanya nini mimi?"

"Usitoboe," Mkawasi alimwambia. "Dada, nakuomba. Ukifika mahali husikii, andika lolote. Kasuku huandika lolote. Funika kombe mwanaharamu apite."

Sikitu akauvaa tena mwiba shingoni. "Nitajaribu," alisema.

Jaribio lilifanyika asubuhi, Nyumba ya Masikio imejaa mpaka madirishani. Kibuyu hakikuwa cha mchezo. Usikivu hawapotezi vibuyu. Kilikuwa cha mwanamke mjamzito aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi, miguu imemvimba, akisubiri ugonjwa wake uandikwe. Aliyesema ndani yake ni Tabibu Mngumi, ambaye amekuwa akisema upesi tangu ujana wake.

Kikazibuliwa. Ukumbi ukawa kimya, na Mkawasi, aliyekaa mstari wa mbele, alitega masikio yake yote mawili bila kutaka, kwa mazoea. Alisikia miguu, alisikia damu, alisikia jina la dawa. Kisha kipimo kilipofika, ndani ya kibuyu kikasikika kiti kikiburutwa chumbani kwa tabibu, krrr, na neno likazama. Kasuku hakusita. Alichovya mdomo, akaandika, akakunja mabawa.

Sikitu alikirudia kibuyu. Akakigeuza, akakitikisa, akakirudia tena. Krrr. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Mkawasi alikuwa akimwomba kimoyomoyo, andika, dada, andika lolote, andika tu! Akaiona kalamu ya Sikitu ikigusa karatasi. Ikakaa pale, ikafanya doa dogo la wino.

Nje, yule mjamzito aliguna na kubadilisha mkao kwenye benchi.

Sikitu akaweka kalamu chini. Akautoa mwiba, akatoboa.

"Bi Sikitu, tundu moja," alisema Bwana Fumo kwa upole. "Kasuku, hakuna."

Hata hivyo sheria ya mwiba ilikuwa haijafutwa, na Tabibu Mngumi akaitwa. Alishuka ngazi akihema, amekasirika, akaweka jicho kwenye tundu kama desturi ilivyo.

"Ulisema vijiko vingapi, Tabibu?" aliulizwa.

"Nitakumbuka wapi? Wagonjwa wangu ni wengi. Kasuku ameandika vingapi?"

"Vitano."

"Basi ni vitano. Kama vimeandikwa, ndivyo nilivyosema." Akapanda ngazi zake.

Karatasi ya kasuku ikapelekwa nje. Mjamzito akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

"Lakini hakusikia!" Sikitu alisimama. "Mwanangu hakusikia, hata mimi sikusikia, kile kiti kiliburutwa! Bwana Fumo, mwiteni mama yule arudi. Bwana Fumo?"

Bwana Fumo alikuwa akipanga karatasi zake. Watu wakaanza kuinuka, wakizungumza habari za jua na bei ya samli. Sikitu aliendelea kusema, na watu wakapita kulia na kushoto kwake kama maji yanavyopita kwenye jiwe. Mkawasi alimsikia kila neno. Ndiyo kazi aliyoijua, kusikia. Aliinuka amwendee, na mkono ukamshika kiwiko.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Fumo. "Tumekutazama. Ulipokuwa umekaa pale ulikuwa unatega sikio. Kasuku wetu hawajui lafudhi za kwenu, na matabibu wa kigeni wanaanza kuja. Kuna kiti kimebaki wazi."

Mkawasi alikitazama kiti cha Sikitu.

"Mwezi unaandama leo," aliongeza Bwana Fumo, bila ubaya wowote. "Nyumba huenda na kiti. Tutakuletea kasuku mpya, hajafundishwa hata neno moja. Umwekee wino tangu leo, na karatasi yake uje nayo asubuhi tuone ameanza vipi."

"Na Bi Sikitu? Ataishi wapi?"

"Nani?" aliuliza Bwana Fumo.

Wahenga wamesema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Hawakusema ufanye nini ukipewa wembe. Mkawasi alitazama nyuma, akaona watu tu na migongo yao. Akasema, "Nashukuru." Sauti yake ilisikika vizuri.

Alasiri ileile alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya Sikitu. Kanga za mwenyewe zilikuwa bado zimetundikwa kwenye kamba. Aliogopa kuzigusa, akaogopa kuzitazama, akafunga mlango kwa komeo. Kasuku mpya alikuwa mezani, anang'aa, na mbele yake kidau cha wino na karatasi nyeupe ya kesho asubuhi.

"Hodi," ilisema sauti nzito mlangoni.

Mkawasi aliganda. Mtu akilelewa na watu, hodi haikai bila karibu. Ulimi hujibu kabla ya kichwa. Aliuuma ulimi wake mpaka akaonja damu. Na pale mezani kasuku aliinamisha kichwa, akachovya mdomo, akaandika neno moja juu ya karatasi nyeupe, mwandiko safi usio na doa.

*Hodi.*

Ndege akamtazama, akisubiri kujua kama amekosea. Mkawasi aliitazama karatasi ile na kuiona asubuhi mikononi mwa Bwana Fumo. Nyumba hii ilisikia. Aliyekuwamo alisikia.

"Hodi, Mkawasi. Nimekuja kuchukua kanga zangu tu. Najua umo ndani, nakusikia unavyopumua."

Kasuku akachovya tena mdomo.

Mkawasi alinyoosha mkono. Aliichana karatasi ile vipande vipande, akaweka nyingine, na kwa kidole chake akamgonga ndege kichwani, taratibu, kama wanavyogongwa wanaoanza kujifunza.

"Hapo hapakuwa na kitu," alimnong'oneza. "Umesikia? Hapakuwa na kitu."

Kwa watu wote niwajuao, hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu ilichelewa kidogo, ikaja imechoka, karibu sana na mbao za mlango.

Kasuku hakuandika.